Abiria wa Handakini

Asubuhi hiyo ya 1957 handaki lilinuka ngozi mbichi, na Makokha akawalaumu abiria. Nani mwingine? Kofia ya reli ilikuwa imempanda kichwani tangu siku aliyopewa. Pale stesheni ya njia panda, nje ya Nakuru, walioshuka gari la Kisumu kupanda la Eldoret walipita chini ya reli kwa handaki hilo na kutokea getini kwake, naye alitoboa tikiti zao bila kuinua macho. Aliona mikono tu. Nyuso za daraja la tatu zilikuwa na faida gani?

Bibi mmoja wa Keringet, Cheptanui, alipanda ngazi akihema.

"Kijana, huko chini iko mtu hana uso," alinong'ona. "Anauliza njia ya kutoka."

"Aniulize mimi!" Makokha alicheka. "Hata shetani apite, bora iko na tikiti."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Mama, toka kwa njia. Washamba nyinyi mnaona jini kila mahali."

Bibi alisogea kando, akabaki kumtazama. Bibi mjinga yule, Makokha aliwaza.

Abiria walipokwisha, ikasikika miguu ya mtu mmoja ikiburutwa polepole juu ya saruji, na ile harufu ikatangulia kupanda ngazi ikamjaa Makokha puani mpaka machozi yakamtoka, kisha mkono mkavu, mrefu kupita kiasi, usio na kucha hata moja, ukanyoosha tikiti, na mkono wake mwenyewe, uliozoea kazi kuliko yeye alivyozoea kufikiri, ukaitoboa.

"Umemfungulia," Cheptanui alisema. "Anaenda wapi?"

Makokha aliinua macho. Hapakuwa na mtu. Ndipo akakumbuka maandishi aliyoyasoma kwenye ile tikiti: Landhi, chumba cha tisa. Kilikuwa chumba chake katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Ndani yake walikuwamo mkewe Naliaka na binti yao wa siku sita.

Alikimbia hadi landhi, kofia ikaanguka njiani asiiokote. Alimkuta Naliaka ameketi mlangoni, anachambua maharagwe.

"Mtoto wapi?"

"Si amebebwa na mgeni wako huko ndani? Amesema ni wewe umemruhusu."

"Uso wake unakaa aje?"

Naliaka alibetua midomo. "Sikumwangalia. Ni mshamba tu."

Makokha aliruka ungo wa maharagwe akaingia. Chumba kilikuwa kitupu. Hakikuwa na dirisha, na mlango wake ulikuwa mmoja, ule ambao Naliaka alikuwa ameukalia.