Tawi Lililolazwa Njiani

— Nionyeshe mikono yako.

Efrazia aliendelea kumenya viazi kana kwamba hakusikia.

— Nimesema nini, Efrazia?

Akaweka kisu chini, akanyoosha mikono. Mumewe, Mwalimu Mika, akaigeuza kama anavyokagua kucha za wanafunzi kila Jumatatu. Chini ya kucha ya kidole gumba palikuwa na udongo wa kijivu.

— Shamba letu ni jekundu. Huu ni wa bondeni. Siku hizi kwaya inafanya mazoezi matopeni?

— Nilipita mtoni.

— Basi sikiliza alichoniandikia Fanueli, kiongozi wenu wa kwaya.

Akakunjua karatasi, akasoma: “Mwalimu, mkeo hajafika mazoezini wiki sita. Kila Jumamosi anaonekana akishuka bondeni. Mengine muulize mwenyewe.”

— Haya, nakuuliza. Bondeni kuna nani?

Mtoto wa miezi mitano akageuka tumboni mwa Efrazia. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, lakini hakuthubutu kulitoa. Bibi Mwanamisi, aliyekuwa akimfundisha kufinyanga vyungu, alimwapisha tangu siku ya kwanza: mwanafunzi hamwambii mwanamume yeyote habari za udongo mpaka chungu chake cha kwanza kitoke motoni. Na moto wenyewe ulikuwa kesho.

— Nivumilie mpaka kesho jioni, Mwalimu.

— Kesho nitashuka nione mwenyewe.

Asubuhi Efrazia alifungua mkoba wake. Barua haikuwamo. Alikuwa ameiandika kwa siri, kwa mashine ileile ambayo kwa miaka minne alipigia chapa kumbukumbu za mikutano ya vijiji vya ujamaa katika ofisi ya wilaya, Lushoto: “Naomba kuacha kazi kuanzia mwisho wa mwezi huu.” Sasa ilikuwa mikononi mwa Mika, na Mika hakuwamo nyumbani.

Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni wanawake sita wa ushirika wa wafinyanzi walipopanga vyungu arobaini, wakavifunika kwa kuni na magome. Vinne vilikuwa vya Efrazia. Juu, kwenye njia, Bibi Mwanamisi alikuwa amelaza tawi bichi, alama ijulikanayo na kila aliyezaliwa upande ule: mwanamume asipite hapo. Akipita, vyungu hupasuka, na mwanamke aliyemleta hagusi tena udongo wa bonde lile.

Moto ulipokolea, sauti ikashuka kutoka ukunguni.

— Efrazia.

Akainuka. Bibi Mwanamisi akamvuta kanga, akamketisha. Mwanafunzi anayechoma chungu chake cha kwanza hasemi na mwanamume mpaka moto uzime.

— Efrazia, najua uko huko. Ukinijibu, nitarudi nyumbani. Usiponijibu, nashuka.

Machozi yakamtoka. Neno moja tu lingemrudisha mumewe, na neno hilohilo lingemfukuza yeye kwenye udongo. Akauma upindo wa kanga.

Bibi Mwanamisi akashika kiuno.

— Nani huyo anayewapigia kelele wanawake wenye kazi?

— Shikamoo, bibi. Ni Mika, mwalimu wa shule.

— Marahaba. Umemfuata nani?

— Mke wangu. Nimekuja kuona kama huko bondeni kuna mwanamume.

— Yupo mmoja tu. Amesimama hapo juu, anatutisha.

Wanawake wawili wakaziba midomo. Efrazia hakuweza kucheka.

— Bibi, niache nimwone kwa macho yangu.

— Mbele ya miguu yako kuna nini?

— Tawi.

— Basi sina la kukufundisha, Mwalimu.

Efrazia alitega sikio hata kichwa kikamwuma, akitafuta kishindo cha viatu katikati ya mlio wa kuni. Ghafla chungu kikapasuka motoni, mlio mkavu kama wa mfupa. Wote wakamgeukia.

— Amepita, alinong’ona Secilia, aliyeketi karibu naye. Mumeo amepita.

Bibi Mwanamisi akachukua fimbo yake, akapanda. Efrazia alibaki amekumbatia tumbo. Bibi aliporudi, aliketi kwanza, akapumua.

— Yuko upande wa pili wa tawi. Ameketi chini, ametupa mgongo. Anasema anaogopa hata kugeuza shingo.

— Sasa kimepasuka kwa nini? akauliza Secilia.

Bibi akavuta kigae kwa kijiti, akakitazama.

— Ni chako, Efrazia. Kitako kilikuwa hakijakauka. Ulikuwa na haraka, mwanangu. Hapa mwanamume hana kosa.

Moto ulipozima, vikatoka vyungu vyake vitatu vizima. Bibi akagonga kimoja, akasikiliza.

— Nenda. Sasa unaweza kusema.

Mika alikuwa palepale, koti limelowa manyunyu, barua magotini.

— Mwalimu.

— Nigeuke?

— Geuka.

Akakitazama chungu kifuani mwa mkewe kwa muda mrefu.

— Nilidhani unaniacha mimi.

— Naacha mashine. Miaka minne napiga chapa maneno ya watu. Hakuna karatasi hata moja niliyoweza kusema hii ni yangu.

— Nami nimejitapa kwa kila mtu kwamba mke wangu ni karani wa wilaya.

— Najua. Ndiyo maana nilikuogopa kuliko moto.

Mika akainamisha kichwa.

— Na mtoto akizaliwa?

— Watoto wa Secilia wote wamekulia mgongoni, mama yao akifinyanga. Ofisini wangu angeachwa mlangoni.

— Ninaogopa, Efrazia.

— Hata mimi.

Mika akamrudishia barua.

— Ipeleke Jumatatu. Nipe hicho chungu.

— Watakucheka. Wanaume hawabebi vyungu.

— Wewe una wa kumbeba tayari.

Walipofika karibu na kanisa, Fanueli alikuwa mlangoni, akinyoosha shingo.

— Mwalimu, umebeba nini hicho?

Mika akasimama, akakigonga chungu kwa kifundo cha kidole. Kikalia wazi kama kengele.

— Kwaya ya mke wangu, akasema. Sikiliza mwenyewe.