Rejeta Haijazwi Maji Kila Jumamosi

Kila Jumatatu na Alhamisi, Wahu aliamka mapema kuliko majirani wote wa korti yao, nyumba chache zenye lango moja katika mtaa wa Jamhuri. Alipasha uji moto, akamsaidia mama mkwe wake kuvaa sweta, kisha akamshika mkono polepole hadi kwenye gari. Jina la mama huyo lilikuwa Ngina. Lakini tangu mjukuu wake Kui azaliwe, kila mtu alimwita Shosho, yaani bibi.

Figo za Shosho zilikuwa zimekataa kazi. Mara mbili kwa wiki ilibidi aende hospitalini, damu yake isafishwe kwa mashine. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Akizidi kukosa, maji yanapanda hadi kifuani na pumzi inakuwa ya kutafutwa. Daktari alimwambia Wahu mambo hayo waziwazi, bila kuzungukazunguka.

Gari lilikuwa la Gichuru, mume wa Wahu na mtoto wa pekee wa Shosho. Gichuru alifariki mwaka uliopita. Kifo chake kilikuwa cha ghafla, na nyumba ile bado haikuwa imezoea. Kui alikuwa shule ya bweni. Wanawake wawili walibaki peke yao na kile kigari kidogo kilichotoka Japani, ambacho Gichuru alikuwa amekinunua muda mfupi tu kabla ya kufa.

Gichuru alipenda gari lake, hakuna wa kubisha. Kila Jumamosi alifungua boneti, akachota maji ya bomba kwa mtungi, akajaza rejeta, lile tangi la kupozea injini, hadi ikafurika. Giaboksi ikikwaruza, aliongeza oili nyekundu kidogo kutoka kwenye chupa aliyoiweka stoo. Baada ya mazishi, Wahu aliichukua kazi hiyo bila kuambiwa na mtu. Shosho naye alivuta kiti mlangoni akamtazama.

"Ni kama namwona," Shosho alisema siku ya kwanza, na machozi yakamtoka.

Basi ni nani angethubutu kuruka Jumamosi hata moja?

Alhamisi moja walipofika mtaa wa Kileleshwa, njiani kwenda hospitalini, mshale wa joto kwenye dashibodi ulianza kupanda. Wahu aliuona. Alijiambia kwamba hospitali si mbali. Kabla hajamaliza kujidanganya, mvuke mweupe ulifumuka kutoka chini ya boneti, na gari likaanza kutetemeka. Alilielekeza kando ya barabara, likazima.

Mwendesha boda boda alisimama kuwasaidia, lakini Shosho hakuweza kupanda pikipiki. Waliita teksi. Teksi ilichelewa. Walipofika hospitalini, mashine ya Shosho ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. Walingoja hadi alasiri, na alipofikiwa, alisafishwa kwa muda mfupi.

"Mama, tumefanya kile tumeweza," nesi alisema. "Lakini hajasafishika vizuri. Jumatatu msichelewe. Tafadhali."

Ijumaa miguu ya Shosho ilivimba. Viatu vilikataa kuingia. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na Wahu aliisikiliza pumzi yake na kuogopa kama hajawahi kuogopa tangu siku ile alipopigiwa simu kuhusu mumewe.

Gari walikuwa wameliacha Kileleshwa; fundi wa kando ya barabara alilijaza maji, na Wahu akalirudisha nyumbani. Jumamosi alikwenda nalo dukani kumnunulia Shosho dawa. Aliporudi, mshale ulikuwa juu tena. Hakupoteza muda. Alichukua mtungi na kitambaa, akafungua boneti, akashika kifuniko cha rejeta.

"Wacha hiyo! Mama Kui, toa mkono!"

Sauti ilitoka nyumba ya pili. Ilikuwa ya jirani yake, Nakhumicha, anayefundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi. Korti nzima ilimwita Mwalimu. Alikuja mbio, kandambili zikipiga sakafu, akamvuta Wahu mkono.

"Unataka kuungua uso? Hayo maji ndani yanachemka. Ukifungua sasa yatakurukia yote. Kuna mwanafunzi wangu alifanya hivyo. Mpaka leo ana kovu kutoka shingo hadi kifua."

"Lakini gari linataka maji, Mwalimu."

"Linataka kupoa kwanza. Injini ikiwa moto, kifuniko hakiguswi. Ngoja mpaka ushike rejeta na mkono na usisikie moto. Hata kama ni masaa."

Walingoja. Mwalimu aliinama akamulika injini kwa tochi ya simu. Mwanga ulipita paipu moja hadi nyingine, kisha ukasimama.

"Unaongeza maji mara ngapi?"

"Kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi?" Mwalimu alinyoosha mgongo. "Mama Kui, rejeta si sufuria ya chai. Imefungwa. Maji hayafai kupungua. Yakipungua kila wiki, kuna mahali yanatoroka. Nyinyi mmekuwa mkijaza, badala ya kutafuta yanaenda wapi."

Alimwonyesha paipu nene ya mpira. Ilikuwa imepasuka kidogo mahali ilipofungwa, na pembeni yake palikuwa na ukoko mweupe.

"Yanatokea hapa. Na huo weupe ni chumvi ya maji ya bomba. Inaganda ndani ya rejeta kama vile inaganda kwa birika yako. Mwishowe njia zinaziba, injini inachemka."

"Sasa niweke nini?"

"Kuna maji maalum ya kupoza injini. Ndiyo watu huita kulanti. Inazuia kutu na haichemki haraka. Na giaboksi je? Nimekusikia asubuhi ukitoka. Unaweka gia, gari linasita, halafu linaruka."

Wahu alikwenda stoo akaleta ile chupa ya oili nyekundu. Mwalimu aliisoma, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya giaboksi zingine. Hii gari yako iko na giaboksi ya mkanda, ile wanaita CVT. Inataka oili yake peke yake. Hii nyekundu inafanya mkanda uteleze, unakwisha. Nani aliiweka?"

Wahu aliichukua tena ile chupa mkononi. Alikaza meno, lakini kilio kilimshinda.

"Ni Baba Kui," alisema. "Alifanya hivi kila wiki. Mimi nafuata vile alifanya. Ukisema ni makosa, basi unasema..."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Alijilaumu kwa kuuliza. Lakini Shosho alikuwa pale mlangoni kwenye kiti chake, na hakuna lililompita.

"Mama Kui," aliita kwa sauti ya kukatikakatika. "Gichuru alifunzwa gari na babake. Ilikuwa ile pikapu ya zamani, ya kubeba maziwa. Ile ilikunywa maji kama ng'ombe, na oili yake ilikuwa nyekundu. Hakuna mtu alimfunza hii ya Japani." Alivuta pumzi. "Angefunzwa, angefuata. Mtoto wangu hakuwa mkaidi. Wewe fuata Mwalimu."

Wahu alifuta uso kwa leso. Alikuwa amebeba mzigo ule mwaka mzima, akidhani Shosho ndiye aliyemtwisha. Kumbe sivyo.

Wahu na Mwalimu walitumia teksi kwenda Ngara, kwenye duka la vipuri la Jitendra, mzee ambaye babake pia aliuza vipuri pale pale. Wahu aliomba oili ya giaboksi. Jitendra hakunyoosha mkono kwenye rafu.

"Gari gani, mama? Usiniambie rangi ya oili. Rangi inadanganya. Nipe namba ya chasisi."

Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, na hakuna aliyeweza kukisoma. Lakini Mwalimu alikuwa amepiga picha ya kibati kilicho chini ya boneti. Jitendra aliingiza namba hiyo kwenye kompyuta.

"CVT. Sawa kabisa. Kuna watu hapa nje wanapima oili kutoka kwa pipa, wanasema inaingia gari yote. Oili ya kuingia gari yote hakuna. Nunua iliyofungwa, angalia kama kifuniko kimeguswa."

Aliwapa oili sahihi, washa mpya, kile kipete cha kuziba nati ya giaboksi, kulanti, paipu mpya, na maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa ya kutia kwenye betri. Wahu alitazama kila chupa, akauliza, akajibiwa. Hakutaka tena kufuata kitu asichokielewa.

Jumapili baada ya kanisa walianza kazi. Gari lilikuwa limelala, injini baridi. Waliliweka mahali tambarare, wakavuta breki ya mkono, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Kwanza rejeta. Waliweka beseni chini, wakafungua nati ndogo ya chini na kifuniko cha juu. Kilichotoka hakikuwa maji tena. Kilikuwa tope jekundu la kutu. Wahu aliguna.

"Hiyo ndiyo injini yako ilikuwa inakunywa," Mwalimu alisema.

Walifunga paipu mpya. Waliijaza rejeta maji safi, wakawasha injini na hita ya gari, wakaizima, wakangoja ipoe kabisa, wakamwaga. Walirudia hivyo mpaka yalipotoka meupe. Kisha walichanganya kulanti na yale maji safi, nusu kwa nusu, kama chupa ilivyoagiza. Wahu alimimina polepole. Waliwasha injini kifuniko kikiwa wazi, ingali baridi, ili hewa iliyojificha ndani itoke. Mapovu yalipanda, kimiminika kikashuka, Wahu akaongeza. Feni ilipozunguka na mapovu yakaisha, walizima injini, wakasubiri joto lipungue, ndipo Mwalimu akafunga kifuniko kwa kitambaa kinene. Kwenye chupa ya akiba iliyounganishwa na rejeta walijaza kulanti hadi katikati ya mistari miwili.

"Kuanzia leo unaangalia hii chupa tu," alisema. "Ikipungua, usijaze ukanyamaza. Tafuta."

Mbwa wa jirani alikuja kunusa beseni, ambamo kulanti kidogo ilikuwa imemwagikia. Mwalimu alimfukuza kwa ukali.

"Mama Kui, funika haraka! Kulanti ni tamu, lakini ni sumu. Inaua mbwa, inaua mtoto. Na haimwagwi kwa mtaro."

Waliimimina yote kwenye mtungi, wakaufunga na kuuandika SUMU kwa kalamu nene. Wangeupeleka kwenye gereji inayokusanya uchafu wa namna hiyo.

Kisha giaboksi. Waliliacha gari lipoe mpaka likawa vuguvugu. Mwalimu aliliinua kwa jeki, akaweka stendi za chuma kila upande hadi gari likasimama sawasawa. Alilisukuma kwa bega kuona kama litayumba.

"Jeki ni ya kuinua tu," alisema. "Haishikilii. Mtu haingii chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kama ni kuokota spana."

Alimpa Wahu spana. Wahu aliingia chini, akafungua nati, oili ikatoka nyeusi na yenye harufu ya kuungua. Waliikinga kwenye chombo chenye vipimo. Kwenye sumaku iliyo kwenye ncha ya nati kulikuwa na vumbi laini la chuma.

"Vumbi si mbaya," Mwalimu alisema. "Ingekuwa vipande, tungeacha hapa na kuita fundi wa giaboksi. Sasa angalia kipimo. Ilitoka kiasi gani? Rudisha kiasi hicho hicho, halafu tutapima tena."

Waliweka washa mpya, wakaikaza nati. Wahu alimimina oili mpya kwa faneli safi. Walishusha gari. Aliwasha injini, akakanyaga breki, akapitisha gia polepole, moja baada ya nyingine. Halikuruka. Walipima oili kama ilivyoagizwa kwenye chupa, wakaongeza kidogo.

"Itabidi tubadilishe tena baada ya muda," Mwalimu alisema. "Kuna ile nyekundu imebaki ndani, haitoki yote mara moja. Na uwe ukiisikiliza."

Jumatatu Wahu aliendesha ameshika usukani kwa mikono miwili. Kileleshwa ilipokaribia, hakuweza kuondoa macho kwenye mshale. Mshale ulikaa pale pale katikati. Walifika hospitalini mashine haijapewa mtu mwingine. Shosho alisafishwa muda wake wote. Alhamisi vilevile. Wiki iliyofuata vilevile. Viatu viliingia tena, na mto ukabaki mmoja.

Wahu alikagua ile chupa kila wiki kabla ya kuwasha gari. Haikuwa imepungua. Alijifunza kukaa na furaha hiyo ndogo, ingawa ilikuja na uchungu wake, kwa sababu mtu ambaye angependa kuisikia habari hiyo hakuwepo.

Jumapili moja baada ya kanisa Shosho hakutaka kushuka garini.

"Mama Kui, hii gari inaweza kufika Karai?"

Wahu aligeuka. Karai, upande wa mji wa Kikuyu, ndiko Gichuru alikozikwa, kwenye shamba la babake. Shosho hakuwa amerudi huko tangu mazishi. Hakuwa ameomba hata mara moja. Wahu alikuwa amedhani ni ugonjwa, au ni huzuni.

"Inaweza, Shosho. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Niliogopa tutakwama njiani, na wewe ujilaumu."

Walikwenda. Barabara ilipanda, mshale ukatulia. Shambani Wahu alimshika mkono, wakapita katikati ya mahindi hadi kwenye kaburi. Shosho alisimama, akashika msalaba kwa mikono miwili. Hakulia. Alizungumza naye kama mtu anayeongea na mwanawe mezani.

"Gichuru, nimekuja," alisema. "Usiwe na wasiwasi juu yangu. Mke wako ananifikisha."