Ng'ombe wa Pembe Moja

"Mwalimu, njoo umwone ng'ombe wangu," Vumilia aliniita kutoka meza ya dirishani. "Nimemaliza kumjaza."

Nilikwenda nikitabasamu. Ilikuwa Jumatatu, harusi yangu ilikuwa Jumamosi, na siku hizo nilikuwa natabasamu hata kwa nzi.

Mimi ni Limi. Nafundisha watu wazima kuandika programu za kompyuta hapa Geita mjini, kwenye chumba cha juu ya duka la nondo la Riyaz. Wanafunzi wangu ni mafundi simu, wenye maduka, na wengine kama Vumilia, mjane wa Nyarugusu anayewauzia wachimbaji mabuti na sururu. Ukiwaelezea klasi na objekti kwa maneno ya vitabuni, wanasinzia. Kwa hiyo mimi nafundisha kwa ng'ombe. Usukumani hakuna asiyeelewa ng'ombe.

"Klasi ni fomu tupu," nilikuwa nimewaambia asubuhi ile. "Inauliza rangi gani, pembe zikoje, chapa ipi, mmiliki nani. Fomu haitoi maziwa! Ukiijaza ndipo unapata ng'ombe mmoja, wako. Huyo ndiye objekti."

"Na nikimpa majina mawili?" Vumilia aliuliza.

"Bado ni ng'ombe mmoja. Akivunjika pembe ukimwita kwa jina la kwanza, ukimwita kwa jina la pili atakuja na pembe ileile iliyovunjika."

Darasa zima lilicheka. Sasa nikainama mbele ya kompyuta yake.

rangi: nyekundu, doa jeupe usoni
pembe: ya kushoto imevunjika
chapa: MR, paja la kulia
mmiliki: Vumilia

Tabasamu likanipotea. Ng'ombe yule nilimjua! Pembe ile ilivunjika mbele ya macho yangu, nyumbani Mwakitolyo, siku aliposhushwa kwenye lori akajigonga. Na MR ni chapa ya Marwa, mchumba wangu. Huyo alikuwa mmoja wa ng'ombe kumi na wawili wa mahari yangu.

"Umempata wapi huyu?"

"Ni wa mahari yangu, mwalimu," alijibu kwa haya, mtu mzima na miaka yake arobaini. "Wameletwa kumi na wawili, wiki ya tatu sasa. Naolewa tena."

Niwaeleze: kwetu nyasi zilikauka, Baba akamwomba Marwa awatunze ng'ombe wale kwa nduguye huku Geita hadi mvua zinyeshe. Kwa hiyo mahari yangu ilikuwa mikononi mwa mchumba wangu mwenyewe. Na sasa iko zizini kwa mwanamke mwingine.

Mtu mwenye akili angeuliza jina la huyo bwana harusi. Mimi hasira zilinitangulia. Nilitoka hadi kwenye ngazi, nikaandika ujumbe:

"Marwa, nimewaona ng'ombe wangu kwa Vumilia. Wanaume wote mmetolewa kwenye fomu moja. Harusi hakuna. Usinitafute."

Simu iliita papo hapo.

"Limi, Vumilia ni nani?"

"Si ndiye mkeo mtarajiwa!"

"Wangu mimi?"

"Mahari yangu iko wapi, Marwa?"

"Kwani baba yako hajakwambia? Mwezi uliopita alikuja na lori, akasema amepata malisho mazuri Nyarugusu. Nilimsaidia kupakia kwa mikono yangu."

"Muongo! Unamsingizia mzee wa watu!"

"Usiondoke hapo. Nakuja."

Marwa ni fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Alifika na pikipiki, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Hakunisalimu. Alinipita akaingia darasani, nami nyuma yake.

"Dada Vumilia, samahani. Unanifahamu?"

"Hapana, kaka. Ndiyo kwanza nakuona."

Nilishusha pumzi, halafu nikaogopa zaidi. Kama si Marwa, ni nani?

"Mchumba wako anaitwa nani?" hatimaye nikauliza.

"Machimboni tunamwita Mwamba. Jina jingine sijawahi kulisikia. Mtu mzima, mpole, ana duara lake, shimo la dhahabu, kule Mwakitolyo. Mkewe alifariki mwaka juzi, masikini."

Baba yangu ana duara Mwakitolyo. Wenye maduara kule ni wengi, nikajipa moyo.

"Mpigie. Weka spika."

Iliita mara mbili tu.

"Haloo, ua langu la Nyarugusu! Umekula lakini?"

Sauti ile ndiyo iliyonifundisha kuhesabu nikiwa mtoto. Niliisogelea simu.

"Shikamoo, Baba," nilisema.

Wanafunzi wote waliacha kugusa kibodi.

"Limi?"

"Naam, Baba."

"Uko... uko wapi, mwanangu?"

"Niko na ua lako. Mama alifariki lini, Baba? Maana asubuhi amenipigia kuniuliza kama gauni limefika."

Simu ikakatika.

Vumilia alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, na ana afya kuliko mimi."

"Mungu wangu! Mwalimu, mimi nimemwombea misa! Marehemu Philomena! Padri alilisoma jina lake kanisani, nikalia!"

Hakuna aliyejua acheke au alie. Vumilia alisimama, akajifunga kanga yake vizuri.

"Mahari hii si yangu. Kesho ng'ombe wanapanda lori. Wajomba zangu watapiga kelele, waache wapige. Ila hawarudi kwa huyo Mwamba. Wanarudi kwa Philomena."

Nilimkuta Marwa kwenye ngazi, anausoma tena ujumbe wangu.

"Wanafunzi wako wananiambia asubuhi umewafundisha kwamba fomu si ng'ombe," alisema. "Halafu mimi ukanipima kwa fomu."

"Nisamehe."

"Ng'ombe umemtambua kwa pembe yake, Limi. Umemwona siku moja tu. Na mimi, miaka minne tuko pamoja, hukunitambua?"

Nililia pale pale, mbele ya wateja wa Riyaz, bila kujali. Marwa alifuta vumbi machoni.

"Gauni limefika?" aliuliza.

"Limefika."

"Basi twende ukale. Unatetemeka."

Jumatano lori lilifika Mwakitolyo. Mama aliwapokea ng'ombe mmoja mmoja, akasikiliza habari yote kwa waliowaleta bila kuwakatisha, kisha akanipigia.

"Ng'wanone, mwanangu, mimi nimeombewa misa ya wafu nikiwa hai. Sasa nitaishi sana. Huyo baba yako ndiye aanze kujiombea."

Jumamosi tulifunga ndoa. Baba alikuja, akakaa kiti cha nyuma kabisa, na hakuna aliyemwita mbele. Vumilia alikuja pia. Mama alimkalisha meza yake mwenyewe, akampakulia wali kwa mkono wake.

Jumatatu iliyofuata Vumilia alikuwa wa kwanza darasani. Alimfungua yule ng'ombe mwekundu kwenye kompyuta, akaipita rangi, akaipita pembe, akafika kwenye mmiliki. Akafuta jina lake, akaandika: Philomena.

"Nimepatia, mwalimu?"

Niliweka mkono begani kwake, nikaitikia kwa kichwa.