Wadudu Katika Nyumba Safi

Mastula hakupenda uchafu. Kazi yake ilikuwa kusafisha ofisi mjini Stockholm. Akirudi nyumbani Rissne, aliendelea na kazi ile ile bila mshahara. Kila jioni alijaza ndoo maji ya moto na sabuni. Aliyamwaga sakafuni, akadeki kuanzia jikoni hadi chumba cha mwisho. Mgeni aliyeingia na theluji kwenye viatu alijuta kuja.

"Kwangu unaweza kula sakafuni bila sahani," alisema mara nyingi. Hakuna aliyethubutu kubisha.

Aliishi na baba yake, Mzee Mukasa, pamoja na binti yake Jamilah. Mzee alikimbia Uganda miaka mingi iliyopita akiwa na mkoba mmoja. Ndani yake mlikuwa na kanzu nyeupe aliyovaa siku ya ndoa yake. Mke wake alikwisha kufariki. Kanzu ilibaki.

Mwezi wa nne Jamilah angeolewa, na Mzee alitaka kuivaa kanzu hiyo siku ya nikahi. Kwa hiyo tangu mwezi wa kumi na moja Mastula aliifua, akaitia wanga wa muhogo kama alivyofundishwa na mama yake, kisha akaipiga pasi. Aliiweka ndani ya sanduku, na sanduku akalisukuma mpaka likagusa ukuta chini ya dirisha.

Asubuhi moja ya Januari alilifungua ili kanzu ipate hewa.

Wadudu wembamba wa rangi ya fedha walitawanyika huku na huku. Mmoja alipita juu ya kidole chake. Mastula aliruka, akajikuta amekaa chini. Akaivuta kanzu. Ilikuwa na unyevu. Shingo ilikuwa imetafunwa, na kifuani palikuwa na matundu. Aliingiza kidole katika tundu moja, kikatokea upande wa pili.

"Jamilah," aliita. Akaita tena.

Jamilah alikuja, akatazama. "Mamma, det är silverfiskar," alisema kwa Kiswidi. Kisha akaongeza kwa Kiswahili, "Samaki wa fedha. Hapa wanaitwa hivyo."

"Hawa si samaki. Hii ni aibu. Wadudu wanaenda kwa watu wachafu. Mimi ni mchafu?"

"Hapana, mamma. Tuwapigie simu wenye jengo, watatuma mtu."

"Usijaribu. Wakwe zako wakisikia tutasema nini? Na babu yako usimwambie kitu."

Mficha uchi hazai, lakini Mastula aliificha aibu hiyo siku nne nzima. Alideki asubuhi, akadeki mchana, akadeki usiku. Maji yalizidi na wadudu nao wakazidi. Siku ya tano aliwakuta bafuni, kisha kwenye kabati la unga. Alisimama na dekio mkononi. Jamilah hakuomba ruhusa tena. Alipiga simu.

Fundi wa wadudu alifika kesho yake. Alikuwa kijana wa Kitanzania aitwaye Elieshi. "Shikamoo mama," alisema.

Mastula alishtuka upya. Kumbe fundi mwenyewe ni mtu wa Afrika Mashariki kama yeye. "Marahaba," alijibu kwa unyonge. "Sasa habari itafika kwa wakwe kule Jordbro kabla ya magharibi."

Elieshi alicheka. "Mama, mimi kazi yangu ni kuingia majumbani kwa watu na kunyamaza."

Aliweka kipimo kidogo mezani, akasubiri, akakisoma. "Unyevu sitini na nane kwa mia. Mama, hii ni Januari. Nyumba nyingi hapa hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Ya kwako ni kama bafu. Unadeki mara ngapi kwa siku?"

"Siku hizi mara tatu."

"Kwa maji ya kumwaga?"

"Sasa utadeki namna gani bila maji?"

"Kwetu ukimwaga maji, mlango uko wazi na jua linakausha. Hapa madirisha yamefungwa. Maji yanapanda hewani. Hewa hiyo ikigusa ukuta wa baridi, inageuka maji tena, nyuma ya sanduku lako. Mdudu huyu hafuati uchafu, anafuata unyevu. Na chakula chake ni vitu kama wanga, unga, karatasi na gundi. Usafi wako ndio unaomlea."

Mastula aliketi na ile kanzu mapajani. Alitazama ndoo yake kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Elieshi aliinua mkono kwenye tundu la hewa juu ya dirisha. Hakuna upepo uliopita. Aliingiza vidole, akavuta. Ikatoka soksi ya sufu. Akavuta tena, ikatoka ya pili.

"Hizi za nani?"

"Zangu," sauti ilijibu mlangoni. Mzee Mukasa alikuwa amesimama pale. "Hiyo shimo ilikuwa inanipiga baridi kwa shingo. Nimeziba zote. Hata ya bafuni, na gazeti."

Jamilah alishika kichwa. Mastula akamgeukia baba yake amtazame, akasahau kwamba kanzu iko mapajani mwake. Mzee aliiona. Alikuja polepole, akaichukua, akatazama matundu moja moja.

"Nisamehe, baba," Mastula alisema huku analia. "Nimewalisha wadudu kanzu yako."

Mzee alikaa kando yake. "Soksi ni zangu, mwanangu. Tumewalisha sote wawili."

Siku ile ile matundu yote ya hewa yalizibuliwa. Sanduku lilivutwa, likaachwa upana wa kiganja kutoka ukutani. Elieshi aliwaonyesha kudeki kwa kitambaa kilichokamuliwa, mara moja kwa wiki. Waliambiwa wafungue madirisha dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, Mzee akiwa chumba kingine na sweta lake. Nguo zingekaushwa katika chumba cha kufulia cha jengo. Kuta za bafu zingefutwa kila mtu akimaliza kuoga. Unga uliingia kwenye makopo yenye vifuniko.

"Na wanga?" Mastula aliuliza.

"Tia siku ya kuvaa. Nguo ya kuhifadhi ifuliwe, ikauke kabisa, ikae bila wanga."

Elieshi alitandaza mitego ya gundi. Wiki ya kwanza ilinasa wadudu ishirini na watatu. Mwezi wa tatu ilikuwa mitupu, na kipimo kilisoma thelathini na tano. Mastula alikata kitambaa kwenye pindo la kanzu, akashona viraka kwa mkono. Kanzu ikawa fupi kidogo.

Siku ya nikahi, ukumbini Hässelby, Mzee Mukasa aliketi mbele ameivaa. Mama wa bwana harusi, Hiba wa kutoka Bujumbura, alivitazama vile viraka kwa muda mrefu.

"Kanzu nzuri namna hii ilipatwa na nini?" alimwuliza Mastula.

Mastula angeweza kusema ni uzee wa nguo. "Ililiwa na wadudu," alisema. "Nyumbani kwangu."

Hiba aligeuka kulia, akageuka kushoto. Kisha akasogea karibu na sikio lake.

"Kwangu wako tangu Desemba," alinong'ona. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Mastula alimshika mkono mkwe mwenzake. "Nitakuja kesho saa nne," alisema. "Usideki kabla sijafika."