Usiseme Karibu

Sogeeni hapa, wajukuu zangu. Wewe wa mlangoni ingia ukae, usinizibie mwanga. Simu zimeni, midomo fungeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hiki kifungo mnachokiona kwenye kibakuli kina masikio, na leo sitaki kisikie sauti nyingine ila yangu.

Mambo haya yalimpata mdogo wangu, yule babu yenu wa kwenye picha mwenye unga kwenye nyusi. Alikuwa mwoka mikate. Kazi yake ilikuwa ya usiku na usingizi wake wa mchana. Jua likichomoza ndipo anarudi na trei mikononi, na kwa kuwa mikono haina nafasi, mlango huu wetu aliugonga kwa kisigino. Mbili za haraka, moja ya kuburuta. Ko-ko, kooo. Nami nikiwa kwenye cherehani yangu namjibu, karibu, mtu wa kisigino. Naye anasema asante, Dada Sindano, pisha nisikuunguze. Miaka nenda miaka rudi, mpaka mdomo wangu ukawa unajibu wenyewe bila kuniuliza.

Siku moja akaanguka mbele ya tanuri. Hospitali wakasema akiwa macho moyo wake hauna neno, ila akilala unapunguza mwendo, unasita, na iko siku utasahau kuendelea. Daktari wa moyo angefika Alhamisi. Siku aliyoanguka ilikuwa Jumamosi. Muuguzi mmoja, mwanamke mwembamba asiyecheka, akambandika chini ya mtulinga kidude kama kifungo cha koti. Alieleza kwamba kinasikiliza moyo mtu akiwa usingizini, kama sikio lililolazwa kifuani. Mimi nikapewa spika za masikioni niusikie moyo wenyewe, maana namba sijui kuzisoma. Taa ya kifungo ikiwa kijani, mwache alale. Taa nyekundu, mwamshe upesi. Halafu akaniinamia, akanong'ona:

"Na akiwa amelala, mama, usiseme karibu."

Nikaitikia. Nilielewa kwamba nikitaka kuongea nisogee kando, nisije nikakiharibia kidude kusikia.

Wifi yangu akaenda kushika tanuri, mimi nikabaki na mgonjwa. Jumapili moyo wake niliusikia vizuri, du-dum, du-dum, kama pedali ya cherehani inayokanyagwa na mtu asiye na haraka. Nikacheka peke yangu. Huyu mtu hata moyo wake mvivu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, nikasikia kitu kingine katikati ya mapigo.

Ko. Ko. Ko.

Nikavua spika, nikaenda mlangoni. Hakuna mtu. Nikavaa tena. Ko. Ko. Ko. Tatu zilizolingana, za mgeni mwenye adabu. Na kila zilipokuja, moyo wa mdogo wangu ulinyamaza, kama mtu wa ndani anayetega sikio ajue nani yuko nje. Taa ikawa nyekundu. Nikamtikisa mpaka akafumbua macho.

"Kuna mtu anagonga," akaniambia. "Nimechoka kuzuia mlango."

Tangu hapo sikutaka alale. Nilimmwagia maji usoni. Nilimtembeza chumbani mkono wake begani kwangu, kama mtu anayemrudisha mlevi nyumbani. Nilimtania ile siku alipotia chumvi badala ya sukari kwenye maandazi ya harusi nzima, nikidhani akicheka usingizi utakimbia. Hakucheka. Alilia. Mwanaume mzima analia ameshika upindo wa gauni langu, ananiomba dakika tano tu, Dada Sindano, nihurumie. Nikamnyima. Nilikuwa nahesabu siku kwa vidole, Jumanne, Jumatano.

Jumatano mchana miguu yake ikakataa. Akalala nikiwa nimemshika mkono. Nikavaa spika, nikaikodolea macho ile taa. Na mimi nilikuwa siku ya tatu sijafumba jicho.

Kijani. Kijani. Nikasinzia.

Ko. Ko. Ko.

"Karibu," nikasema.

Ni mdomo tu. Mimi mwenyewe sikuwepo.

Moyo ukasimama. Nikasikia mlango unafunguliwa. Si wa chumba kile. Nikasikia nyayo zinaingia. Nikasikia nyingine zinatoka, zinaburuta kisigino. Mlango ukafungwa, taratibu. Kisha moyo ukaanza upya, una nguvu, umenyooka, kama wa kijana.

Mdogo wangu akakaa kitandani. Akatazama dari. Akatazama kuta. Akaigeuza mikono yake, akaitazama pande zote mbili.

"Asante, mwenye nyumba," akasema. "Nikae wapi?"

Alhamisi daktari akampima, akasema huyu mtu hana ugonjwa wowote. Wifi yangu akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu mbele za watu. Ningemwambia nini? Nikamfuata yule muuguzi kwenye korido, nikamwomba aniambie siku ile alimaanisha nini. Hakuniangalia.

"Nilisema usiseme karibu," akajibu, akafunga faili.

Yule mgeni aliishi nasi miezi saba. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba ruhusa kabla ya kunywa maji. Alisimama kwenye kila kizingiti mpaka aambiwe apite. Mlango aliugonga kwa vidole, tatu zilizolingana. Mkewe alihamia chumba cha watoto, nami sikumuuliza sababu. Halafu siku moja, mchana mweupe, akaja kwenye cherehani yangu amevaa shati safi. Akasema amekaa vya kutosha, anaomba kuaga. Nikamshika shati, nikamuuliza ndugu yangu yuko wapi.

"Alinipisha," akasema. "Sikumuuliza anakwenda wapi."

Akajilaza, akakunja mikono kifuani, na nyuma ya mbavu zile nikasikia kwa masikio yangu matupu mlango ukifungwa.

Baada ya mazishi tukagawana vitu vyake. Tanuri likabaki kwa wifi yangu. Trei na makoti meupe alichukua binti yake mkubwa, naye ndiye ambaye mikate yake mnaila mpaka leo. Picha ikaja ukutani kwangu. Kifungo hakuna aliyekitaka, nikakirithi mimi, na hizi spika zake. Taa yake ilizimika zamani, betri nilishaitoa kwa mikono yangu.

Lakini kila asubuhi, saa ile ya kurudi na trei, nikivaa spika namsikia. Ko-ko. Kooo. Nikifungua mlango huu, chini kabisa kwenye ubao, kuna alama ya kisigino chenye unga, na nyumba hii haijaoka kitu. Naifuta kwa khanga. Kesho yake ipo.

Namwambia karibu. Nimemwambia mpaka sauti imekauka, karibu, mtu wa kisigino, karibu, baba, ingia. Anagonga tu. Mlango wake ulikuwa kifuani, na yule mgeni alipoondoka tuliufukia pamoja na mwili.