Nilitafuta Video ya Maziko, Nikamfichua Rafiki Yangu

Nina miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili, na ninaishi Bukavu, mtaa wa Nyalukemba. Ninaandika haya mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo, ingawa ni saa nne asubuhi na jua linawaka. Zamani sikuwa mtu wa kufunga mlango mchana...

Kazi yangu ni sekretaria: chumba kimoja kando ya barabara, kompyuta mbili, printa na mashine ya fotokopi. Watu huja kuandikisha barua na kutazama intaneti. Nina daftari ambamo ninaandika nani alikaa kwenye mashine ipi, na saa ngapi. Jambo likitokea mtaani, majirani huniuliza mimi, kwa sababu ninaona na ninakumbuka. Nilijivunia hilo. Leo ninajiuliza: nilikuwa ninaona nini?

Nilikuwa na rafiki, Nsimire. Tulisoma pamoja tangu darasa la kwanza. Mume wake ni fundi wa vigae, mtu mpole mbele za watu, anayesifiwa kwa kazi safi. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Mimi mwenyewe niliiona mikono ya Nsimire, alama za waya kutoka bega hadi kiwiko. Siku aliyomnyanyulia nyundo mbele ya mtoto wao wa miaka miwili, Nsimire alikimbia na mtoto mgongoni. Mimi ndiye niliyemtafutia pikipiki ya kumpeleka Walungu, kwa mjane mmoja aliyehitaji mtu wa kumsaidia shambani.

Waliojua alipo tulikuwa wawili tu: mimi na mama yake, ambaye mtaa mzima tunamwita Koko. Mume alitafuta kila mahali. Alikuja hata kwangu, akakaa, akalia. Nilimwambia sijui kitu.

Koko hakuridhika na simu. "Ku simu mutu anaweza kusema yote," aliniambia. "Mi nataka kuona mikono ya mutoto wangu."

Basi kila Alhamisi Nsimire aliweka video fupi kwenye ukurasa usiofunguka bila anwani yake, anwani niliyokuwa nayo mimi peke yangu. Sikutaka ipite kwenye simu yangu, kwa kuwa simu huazimwa na huibiwa. Koko alikuja saa nane, akakaa mbele ya mashine ya pili, na mimi nikaifungua. Nsimire alikuwa akikunja mikono ya blauzi yake na kuigeuzageuza, mama yake aone kwamba alama zinapotea. Koko alikuwa akigusa kioo kwa kidole...

Akishaondoka, nilifuta historia ya kivinjari, mstari kwa mstari. Niliamini kwamba hakuna alama iliyobaki.

Lakini sikugusa kache. Hiyo ni ghala iliyo ndani ya kivinjari, ambamo kompyuta huweka video na picha ulizokwisha kutazama, ili ukizirudia isilazimike kuzipakua upya. Sisi wenye sekretaria hapa mjini huiacha makusudi, kwa sababu mega za intaneti tunazinunua na zinaisha upesi. Kwangu kache ilikuwa njia ya kuokoa mega. Sikuwahi kuifikiria kama kumbukumbu!

Ndipo akaja Papa Ciza, mzee wa avenue yetu, yaani barabara yetu ya mtaani, aliyekuwa amemzika mama yake wiki chache kabla. Mpwa wake aliye Ulaya alikuwa ameiweka video ya maziko kwenye ukurasa wake, kisha wakagombana kifamilia, na mpwa akaifuta kwa hasira. Kuondoa matanga kulikuwa Jumapili. Kwetu siku hiyo ndugu hukaa pamoja na kutazama maziko, hasa kwa ajili ya wale waliokosa kufika. Papa Ciza alikuwa hana cha kuwaonyesha.

"Maman Neema, niliangaliaka ile video hapa kwako. Mashine yako haikuilinda?"

Nilifungua daftari. Kweli, alikuwa ameitazama kwenye mashine ya pili. Nikatafuta mtandaoni, nikapata programu ya bure, ndogo, inayofukua video kutoka kwenye kache. Niliiweka na kuibonyeza... na orodha ikaanza kushuka! Faili kumi na nne, hazina majina, ni tarakimu tupu. Nilifungua ya kwanza: jeneza la mama yake Papa Ciza! Nilifungua ya pili: mwendelezo wake. Mzee akapiga makofi kama mtoto.

"Na ni ya bure?" aliuliza.

"Ya bure kabisa, Papa."

Wakati huo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na betri inayoendesha kompyuta ikaanza kulia kuonya. Zilibaki dakika chache tu. Ningeweza kumnakilia zile faili mbili tu. Lakini niliogopa kwamba ipo sehemu ya tatu, na sikuwa na muda wa kufungua zote. Nikachukua folda nzima, nikaimwaga kwenye flashi yake.

"Chukua yote, Papa. Ya maziko utaitambua."

Maneno hayo niliyasema mimi. Hakuna aliyenilazimisha...

Jumapili nilialikwa. Sebule ilijaa watu, watoto wamekaa chini, jenereta inanguruma uani. Nilipoingia, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Mume wa Nsimire! Nilishangaa, kisha nikaelewa: yeye ndiye aliyepanga vigae vya kaburi. Lazima angealikwa. Alinisalimu kwa kichwa, akiwa na glasi ya bia mkononi.

Hata hapo sikuogopa! Nani angefikiria?

Papa Ciza alichomeka flashi kwenye televisheni, akiwaeleza wageni jinsi programu yangu ya bure ilivyoifukua video. Maziko yakaanza. Watu walilia, na wengine walicheka machozi yakiwatoka.

"Muangalie Tonton Bosco namna analia!" mama mmoja alisema, akimwonyesha mjomba wao kwa kidole. "Na njo yeye alimalizaka nyama yote!"

"Nilikuwa nakula kwa uchungu," Tonton Bosco akajibu, na sebule nzima ikapasuka kwa kicheko.

Sehemu ya pili ikaisha. Hakuna aliyegusa televisheni, nayo ikaendelea na faili iliyofuata. Ilikuwa ngoma ya arusi, iliyotazamwa na mteja wangu mwingine.

"Maman Neema! Hii nayo ni maziko ya nani?"

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Nilijua sasa kuna nini ndani ya ile flashi. Nilisimama, nikaanza kuruka miguu ya watoto ili niifikie televisheni...

Sikuwahi.

Uso wa Nsimire ulijaa kwenye kioo. "Maman, bonjour! Hapa Walungu baridi iko mingi, lakini tuko bazuri. Angalia, uyu mulango ya bleu njo kwetu, nyuma ya soko. Na sasa angalia mikono..." Akakunja blauzi yake. Akaigeuza mikono taratibu, upande huu na upande ule, mbele ya sebule nzima.

Nilichomoa waya ukutani. Jenereta tu ndiyo iliyosikika.

Mume wake aliweka glasi chini polepole. Akafuta vidole kwa kitambaa, kama afanyavyo akimaliza kazi.

"Papa Ciza, asante kwa chakula," alisema. Kisha akanigeukia. "Na weye, Maman Neema... asante sana."

Akatoka. Nikasikia pikipiki yake ikiwaka.

Nilipiga simu ya Nsimire. Haipatikani! Nikapiga tena na tena, hata nikakosea tarakimu. Nikasimamisha pikipiki barabarani, nikamwambia dereva: Walungu, haraka!

"Maman, hii tope, na haraka gani?" alisema. "Unakimbilia nani?"

Nilimwambia aongeze mwendo. Njia nzima niliangalia alama ya tairi moja mbichi mbele yetu kwenye tope, nikijiuliza kama ni yake. Nilimwomba Mungu pikipiki yake ipasuke gurudumu. Nilimwomba mambo ambayo siwezi kuyaandika.

Tulipofika nyuma ya soko, mlango wa buluu ulikuwa umelala chini, bawaba zimeng'oka. Nilichungulia kutoka mlangoni. Ndani, chungu cha maharage kilikuwa bado kinachemka. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa kando ya kitanda.

Yule mjane alitoka kwenye mahindi, mikono juu ya kichwa. Alinieleza kwamba Nsimire aliisikia sauti ya mume wake akiuliza sokoni, akamnyakua mtoto na kupitia dirisha la nyuma. Mume alivunja mlango, akapekua, akakaa kitandani, kisha akaondoka. Walipishana kwa dakika chache tu!

Nsimire yuko hai. Hilo ndilo ninalojua. Siku ya tatu alinipigia kwa namba nisiyoijua.

"Maman Neema, usinitafute," alisema. "Najua haukutaka. Lakini usinitafute tena."

Na akakata. Tangu siku hiyo, hakuna video.

Jumanne iliyofuata mume wake aliingia sekretaria. Alinisalimu kwa heshima. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mashine ya pili.

"Ile programu yako inatafutaka video... ni ya bure, si vile? Nitafutie na zingine."

Nilimwambia nimefuta kila kitu, na kweli nilikuwa nimefuta, kache na programu yenyewe. Alikaa karibu saa nzima akitazama kioo kitupu, kisha akasema atarudi. Amekwisha kurudi mara nne.

Ndugu zangu wasomaji, hasa ninyi mnaowafungulia wengine kompyuta! Programu ile haikuwa mbaya. Ilifanya kile nilichoiomba. Mimi ndiye niliyetoa kwa mkono wangu vitu ambavyo sikuwa nimevitazama, kwa sababu ya betri inayolia. Ukifuta historia, futa na kache, hata ikimaliza mega zako zote! Na usimpe mtu faili hata moja ambayo hujaifungua mwenyewe, hata kama ni mzee wa heshima, hata kama ana msiba.

Koko bado anakuja kila Alhamisi, saa nane. Nilimwambia hakuna kitu cha kufungua. Aliitikia kwa kichwa, na wiki iliyofuata akaja tena. Anakaa mbele ya mashine ya pili, anafuta vumbi la kioo kwa ncha ya kitenge, na hasemi neno na mimi.

Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje, sote wawili tunageuka kuangalia mlango.