Jirani wa Nane

Jumatatu jioni Rachel alimuuliza mama yake kwa nini siku hizi akipiga simu analia. Elieshi, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua viatu, akasema hajampigia mtu.

"Umenipigia saa saba, mama. Kwenye simu ya bibi. Ukasema nije."

Simu ya bibi ilikuwa na ushahidi: simu ya mtandaoni, saa saba na dakika nne, jina la Elieshi. Saa hiyo Elieshi alikuwa Kariakoo kwenye jengo la ghorofa saba, simu yake imeungwa na waifai ya jengo, yeye mwenyewe yuko chini anahangaika na mitambo ya mtandao anayoitunza. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kuogopa. Akamfunika mtoto shuka, akalala na nguo zake za kazi.

Kila ghorofa ya jengo lile ina ruta moja, kifaa kinachoelekeza mawasiliano, na kila ruta huweka orodha ya majirani inaobadilishana nao habari za njia. Zote pamoja ni saba. Jumanne Elieshi alihesabu, akapata nane. Ya nane haikuwa na jina, na kila alipoifuata ilionekana iko ghorofa ya saba, ambako duka limefungwa tangu mwaka jana. Siku hiyo saa saba simu ikapigwa tena nyumbani Ilala, na safari hii bibi alimkuta Rachel mlangoni ameshavaa viatu.

Jioni Elieshi akamfuata Mzee Fikirini, mlinzi wa jengo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Rachel. Mbona umekonda hivyo?"

Akamsimulia kwa sauti ya chini. Mzee akatazama ngazi kwanza, ndipo akajibu.

"Mwenye duka lile alikuwa anafuga jini. Yeye kahama, mgeni wake kabaki. Mimi nikipita kule nasikia udi, na hakuna anayefukiza."

"Anamtaka mwanangu?"

"Ameshaipata sauti yako. Sasa anamtaka anayeitikia sauti hiyo."

"Kesho nitamfungia nje, kwenye mtandao."

"Angalia sana, binti yangu. Hata sisi tukizindika nyumba, kwanza unamtoa, unahakikisha katoka, ndiyo unafunga. Ukifunga naye yumo, umemkabidhi nyumba. Panda juu ukachomoe waya wake kwa mkono wako. Nitakusindikiza na ubani."

Elieshi, Mlutheri wa Machame, aliitikia kwa adabu. Lifti ilikuwa mbovu. Akazihesabu ngazi kichwani, miguu ikamuuma kabla hajapanda, akaamua kazi ile ataifanya akiwa amekaa.

Na hesabu yake haikuwa ya kijinga. Eneo la mtandao linaweza kufungwa. Ruta zake zote zikishapewa amri hiyo, zinaacha kujifunza njia za nje na kubaki na lango moja, kila kinachotoka kipite hapo. Ruta isiyo na amri hiyo inakataliwa na wenzake. Jumatano saa sita mchana akazifunga saba, moja baada ya nyingine, huku miayo inamtoa machozi. Akaitazama orodha. Saba. Wa nane hayupo.

"Asante Yesu," akanong'ona, akaweka kichwa mezani apumzike dakika mbili tu.

Aliamshwa na harufu ya udi. Saa saba na nusu. Feni za mitambo, ambazo siku zote kila moja huvuma kivyake, zilikuwa zinavuta pumzi pamoja na kuishusha pamoja, taratibu, na kwenye kioo cha kompyuta orodha ilikuwa na nane, kwa sababu yule wa nane alikuwa ameikubali amri ya kufunga bila kupewa na mtu, akajitangaza kuwa yeye ndiye lango, na zile saba, ambazo Elieshi mwenyewe alikuwa amezikataza kujua njia nyingine yoyote, zilikuwa zimemwamini, ikawa kila neno linalotoka ndani ya jengo lile linapita mkononi mwake.

Simu yake ikaita. Mama yake, kwa laini ya kawaida.

"Elieshi, Rachel kashafika? Nimempakia kwa Khalfani wa bodaboda, kama ulivyosema. Na uache kulia basi, mwanangu, unanitisha."

Elieshi akaiacha simu mezani. Alitoka mbio, akamkuta Mzee Fikirini amesimama chini ya ngazi.

"Rachel yuko wapi?"

"Kapita hapa sasa hivi, anakimbia. Kasema mama anamwita." Mzee akamtazama usoni. "Nilidhani umepanda bila kunisubiri. Nilidhani uko juu, unachomoa."

Elieshi akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Alitaka kupaza sauti, amwambie mtoto asimame pale pale alipo, akavuta pumzi.

Juu kabisa, mtoto akaitika kwa furaha:

"Abee, mama!"

Elieshi alikuwa hajamwita.